Fulana ya Ndani na Sweta ya Nje

Bothwell, Tasmania
28 Aprili 1957

Mkwe wangu Merle,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Huku sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto linanung'unika, nalo nimelizoea kama nilivyomzoea marehemu mume wangu. Je, mumeo Clarrie anaendeleaje? Ameanza kuinua ule mkono uliopooza? Mpe pole zangu, na wewe pole kwa kumuuguza.

Kifurushi chako kimefika. Magauni ni meupe hata yanaumiza macho, na lile la kulalia lenye lesi shingoni limeshonwa vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mkwe, umekaa Queensland muda mrefu mno. Siku ya kuwakumbuka askari imepita Alhamisi, na huku kwetu siku hiyo ikishapita hakuna mtoto anayetoka nje bila fulana ya sufu juu ya ngozi yake. Haivuliwi hadi Krismasi, liwake jua inyeshe mvua. Mama yangu alinivika mimi, mimi nikamvika Gordon, na sasa namvika Coralie. Nimemfumia tatu, za kubadilisha. Magauni yako nimeyaweka kwenye droo pamoja na kafuri, yakingoja joto.

Usiwe na wasiwasi na mtoto. Tangu Dawn wako alazwe kwa ugonjwa wa kifua kule Hobart, na Gordon wangu azunguke kwenye mashamba ya watu kukata kondoo manyoya, Coralie amenizoea kabisa. Utadhani alizaliwa jikoni kwangu. Kila Jumapili tunapanda basi kwenda kumwona mama yake. Watoto hawaruhusiwi kuingia wodini, kwa hiyo yeye anabaki bustanini na muuguzi mmoja, na Dawn anampungia mkono kutoka kwenye baraza ya juu. Mimi naingia. Juzi Dawn aliniomba nimchane nywele, nikamchana na kumsuka. Ameongezeka mwili kidogo.

Mkwe wako,
Una, bibi yake Coralie

*

Mackay, Queensland
15 Mei 1957

Mkwe wangu Una,

Salamu zako nimezipata na nazirudisha zikiwa na joto, maana huko mnalihitaji. Clarrie yu vilevile. Mkono haujainuka, ila mdomo umepona kabisa, kutwa ananitukania chai. Pole kwa goti. Nasikia magoti ya watu wa baridi huoza mapema.

Asante kwa kumchana mwanangu nywele. Nywele zile nilianza kuzichana mimi akiwa na meno mawili. Usizivute upande wa sikio la kulia, anaumia, ila hatakwambia kwa kuwa nimemfundisha adabu. Una, nitakwambia ukweli. Niliposoma mstari ule niliiweka barua mezani nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ningekuwa na mtu wa kumgeuza Clarrie kitandani ningeshafika huko zamani, na chanuo langu mkononi.

Sasa hayo magauni. Kwani nilishona kwa ajili ya droo? Nilikesha kwenye ile lesi ili nondo wapendeze? Pamba ni nguo ya mtoto, inapumua, inakunywa jasho, na ikichafuka haina makuu. Loweka usiku mmoja. Asubuhi ichemshe kwenye pipa la shaba na sabuni, ikoroge kwa mti, isuuze, suuza ya mwisho utie buluu kidogo ya kung'arisha weupe. Anika juani, jua lenyewe ni dawa. Kola utie wanga, upige pasi ingali na unyevu. Hapo mtoto anavaa kitu ambacho hakina hata mdudu mmoja. Sufu huwezi kuichemsha. Mtu atajuaje kama kweli imetakata?

Dawn alipokuwa mdogo shangazi yake alimletea kofia ya sufu. Aliitupa kuku wakaitagia.

Mkwe wako,
Merle, bibi yake Coralie vilevile

*

Bothwell
16 Juni 1957

Mkwe wangu Merle,

Hujambo huko kwenye miwa? Sisi hatujambo. Asubuhi maji ya ndoo yanaamka yakiwa barafu na kondoo wanatembea kama wazee. Clarrie akikutukana ujue ana nafuu, mshukuru Mungu.

Nimefuata maneno yako. Nilizitoa nguo zako kwenye droo, nikazichemsha, nikatia buluu, nikaanika. Jioni nilipokwenda kuanua zilikuwa zimeganda kama mbao. Gauni la kulalia nililiegemeza ukutani likasimama lenyewe! Coralie alicheka hadi akakaa chini. Ndiyo nguo hiyo unayotaka nimvike mtoto Tasmania?

Na kwa kuwa umeniuliza kama sufu hutakata, hujui, ngoja nikufundishe. Paruza sabuni, iyeyushe kwa maji ya moto, utie spiriti na mafuta ya mkaratusi. Weka kwenye chupa, kisha utumie kijiko kimoja kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yale ambayo kiwiko hakiyasikii. Sufu inabonyezwa, haisuguliwi. Haikamuliwi kama shingo ya bata, inafungwa ndani ya taulo na kukandamizwa. Halafu inalazwa kivulini ikiwa bapa, unainyoosha kwa vidole ipate umbo lake. Sufu hulala, haining'inii. Coralie anasimama karibu nami kwenye kiti chake na kuyasema maneno hayo yote, ukimsikia utacheka. "Taratibu, Bibi! Usiisugue!" Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Anajikuna kidogo siku hizi, ni baridi tu.

Jambo moja linanikera nami sifichi. Lile gauni lako la kulalia analing'ang'ania. Nikimletea la sufu analia, anataka "la Bibi Merle", na wewe hajakuona tangu akiwa wa kubebwa! Analala ameshika lesi kwa vidole viwili. Kwa bahati mbaya huwa linachafuka sana, na kila jioni ikifika wakati wa kulala unakuta liko kambani, limelowa.

Mkwe wako,
Bibi Una

*

Mackay
9 Julai 1957

Una,

Sikuulizi goti.

Dawn ameniandikia. Anasema Jumapili alimwona mwanawe pale bustanini akipandisha fulana na kujikuna tumbo kwa kucha zote, na kwamba hata kutoka barazani aliona wekundu. Anasema alikuuliza ukamjibu ni baridi. Ameniandikia mimi kwa sababu anakuogopa. Mwanangu yuko kitandani, kifua kimetoboka, anamwogopa mama mkwe!

Baridi gani inayotoa vipele, mama? Wenye lugha walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mtoto huyo kinachomla umekifuma mwenyewe kwa mkono wako. Mvue. Leo. Na lile gauni la kulalia acha kulifua kila siku, nimekuelewa vizuri sana mkwe wangu, mimi pia ni mwanamke. Nguo haichafuki kwa kulala.

Wakati huu wanachoma mashamba ya miwa, na majivu meusi yananyesha juu ya nguo zangu nyeupe. Nafua mara mbili, lakini silalamiki. Huku mtoto angetembea na gauni moja na miguu mitupu. Nimemwandikia Gordon aniletee Coralie. Nitamlea mimi mpaka mama yake apone. Clarrie amekubali. Mtoto si mwanakondoo wa kuonyeshwa kwenye maonyesho ukisema tazameni manyoya yangu.

Merle, mama yake Dawn

*

Bothwell
22 Septemba 1957

Mkwe wangu Merle,

Natumai u mzima, na Clarrie pia. Najua nimekaa kimya miezi miwili. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipomaliza sikuwa na la kukuandikia ambalo posta wangekubali kulibeba.

Daktari alikuja. Nilimwita mwenyewe, usije ukasema ni Dawn wala Gordon. Alimgeuza Coralie huku na huku, akasema sufu haina ubaya, joto lake ni zuri, ila ngozi ya mtoto huyu haitaki iguswe nayo. Ndani avae pamba, sufu ivaliwe juu. Akanywa chai yangu, akala mkate wangu na jemu, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika fulana tatu.

Basi ndivyo anavyovaa sasa. Vipele vimekwisha tangu wiki ya pili. Zile fulana nimezifumua na kwa nyuzi zile zile nikamfumia sweta, nimeitia rangi ya kijani. Anaipenda, haivui hata mezani.

Lakini wewe ndiye uliyepata ngozi, Merle. Kila asubuhi namvika kwanza nguo yako, halafu ndiyo nafika mimi. Uko mbali kiasi hicho na bado umenitangulia. Hili limeniuma kuliko vipele vilivyomuuma yeye, na nalisema wazi kwa sababu nikilinyamazia nitakufa nalo. Tuma fulana za pamba sita, zisizo na mikono, shingo pana. Zile za dukani hapa mshono wake ni mgumu.

La mwisho utakuwa umeshalisikia. Dawn anatoka Novemba. Madaktari wanataka akae mahali penye joto, na Gordon ameandikiwa kazi kwenye kiwanda cha sukari, hapo hapo kwenu. Wanakuja kwako wote watatu. Mimi nitabaki na kondoo.

Una, bibi wa nje

*

Mackay
6 Oktoba 1957

Mkwe wangu mpenzi, dada yangu Una,

Salamu nyingi zisizo na kifani! Mimi mzima, Clarrie mzima, leo hata chai ameisifu. Goti lako linaendeleaje, mpenzi? Lipake mafuta ya moto.

Fulana hizi hapa, nimeshona kumi badala ya sita. Nimezifua kabla ya kuzituma ili zilainike, maana ndizo zitakazomgusa. Nakushukuru kwa kumwita daktari. Ni moyo wa kiungwana.

Chumba chao kimeshapakwa chokaa. Coralie nimemwekea kitanda karibu na dirisha, chandarua kipya, na magauni yamening'inia kwa rangi. Dawn atakaa barazani apate jua, nami nitamchana nywele asubuhi na jioni. Majirani wote wameshajua. Usijisumbue kufunga masufu, mpenzi. Huku hata mbwa hutafuta kivuli.

Wako,
Merle, bibi wa ndani

*

Bothwell
18 Novemba 1957

Merle,

Hujambo. Wameondoka leo asubuhi. Gordon alibeba masanduku, Dawn alitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Coralie nilimfunga vifungo mimi.

Sandukuni nimetia sweta moja tu, ile ya kijani. Usipoiona na maana, ifutie meza.

Una

*

Mackay
12 Januari 1958

Mkwe wangu Una,

Heri ya mwaka mpya. Hii ni barua yangu ya tatu tangu wafike na hujajibu hata moja. Labda posta.

Dawn amenona. Gordon anarudi kutoka kiwandani akinuka sukari kama keki. Coralie amekuwa mweusi kwa jua, anakula nanasi mpaka midomo inamuwasha. Anaimba. Nguo zake nafua kila siku kwa furaha.

Ananiita Bibi Merle. Nilimwambia aniite Bibi tu, inatosha. Akasema Bibi ni jina la mwingine.

Andika, hata mstari.

Merle

*

Mackay
20 Julai 1958

Mkwe wangu Una,

Natumai unapata barua zangu na hujambo. Gordon anasema hujambo, kwa hiyo posta haina kosa, kosa ni langu. Clarrie anakusalimu. Mkono umeanza kuinuka, akanipungia juzi nikadhani anafukuza nzi.

Nina shida, na nimeizungusha kichwani wiki nzima nikitafuta mtu mwingine wa kumpelekea. Hayupo.

Ile sweta ya kijani aliivaa tangu siku ya kwanza. Kwenye joto la Desemba, Una! Jasho linamtiririka, juu sweta, chini kaptura. Mimi nikimvua anaivaa. Dawn anacheka, anasema mwacheni. Unajua mwanangu huyo siku hizi kila neno ni "Mama Una alikuwa anafanya hivi"? Naomba chumvi ananiambia wewe unavyotia chumvi. Nimemlilia mwaka mzima, amerudi, ananisimulia habari zako!

Basi mwezi uliopita usiku ulikuwa na ubaridi kidogo, nikasema sawa, avae, lakini nguo hii leo naifua kama inavyostahili. Nikaitia kwenye pipa la shaba pamoja na mashuka, nikachemsha, nikakoroga kwa mti. Nikatia na buluu. Ilipotoka ilikuwa ngumu na nene kama kipande cha zulia, mikono imeingia ndani, inamtosha mwanasesere. Niliishika pale uani nikaona aibu mbele ya kuku.

Coralie alikuja akaitazama. Hakulia, angelia ningejua la kufanya. Alisema tu, "Bibi Merle, sufu haichemshwi. Hukuambiwa?"

Niliambiwa, na mwenyewe niliwahi kukuandikia hivyo, ni ukaidi tu. Barua yako ya mwaka jana yenye maelezo yote niliitumia kuwashia jiko siku ile ile ilipofika, kwa hasira ya lile gauni lililolowa.

Tangu siku hiyo nina msimamizi wa miaka minne. Nikianika anasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Hulala, haining'inii!" Anatandaza soksi, leso, hadi mashuka yangu ya pamba, yote chini ya kivuli kwenye majani, kuku wanapita juu yake. Nikisugua kola naambiwa taratibu. Sauti ni ya mtoto lakini maneno ni yako, nayajua kama nimekuona. Mimi nilidhani nimeshinda. Ngozi nimepata, nywele za Dawn nimepata, kila asubuhi namvika mimi. Kumbe wewe umekaa mdomoni mwake, na huko sina pa kukufulia ukatoka. Nina wivu hadi nasikia uchungu wa nyongo, na sioni haya kukwambia, maana wewe uliniambia wako.

Nilinunua nyuzi za kijani nikamfumia nyingine mwenyewe. Nimejitahidi, Una, nimefumua mkono mara nne. Alisema asante, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kitanda.

Naomba mambo mawili. Mfumie nyingine. Na uniandikie tena namna ya kuifua, neno kwa neno, safari hii nitaibandika ukutani.

Merle

*

Bothwell
30 Julai 1958

Mkwe wangu Merle,

Nimefurahi kusikia habari ya mkono wa Clarrie. Mimi mzima, goti limetulia. Barua zako zote zimefika. Sikujibu kwa sababu kila moja ilikuwa na jina la Coralie ndani yake, limeandikwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa naye chumba cha pili. Nilikuwa nikizisoma hadi kwenye jina, basi naziweka. Wivu umenikausha mkwe wangu, hata mbwa wangu ameanza kunikimbia.

Hii ya mwisho niliisoma yote. Nikairudia. Nilicheka peke yangu jikoni, na sitakudanganya kwamba nilikuhurumia.

Unaniomba niandike tena. Siandiki. Karatasi zangu nimeshaona zinaishia wapi kwako. Halafu mambo haya hayafundishiki kwa barua, lazima mtu atie kiwiko chake majini. Nimempa jirani kondoo awaangalie. Nyuzi ninazo, sindano ninazo, chupa ya mchanganyiko nimeifunga kwenye soksi isivunjike. Nitamfumia hapo hapo barazani kwako, na wewe utakaa kwenye kiti cha pembeni unishikie nyuzi. Ukitaka kunionyesha unavyotia wanga, sitakataa kuangalia.

Treni ya kutoka Brisbane inanifikisha kwenu Alhamisi ya tarehe kumi na nne, asubuhi. Njooni stesheni na Coralie. Mshike mkono upande mmoja, ni haki yako. Mkono wake wa pili uuache mtupu.

Una
Bibi yake